Usimpakie kwanza kwenye moto (pikipiki): maneno niliyowaambia walimu wa yoga wa Goma

Wandugu, wengi mliniandikia WhatsApp kwamba hamkuweza kufika Jumamosi kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, wengine mvua, wengine transipoti, wengine kazi. Basi naweka hapa maneno yote vile niliyasema mbele ya watu. Zile picha za kwenye ukuta nimeziacha, bila mtu wa kuzielezea hazitawasaidia kitu.

Jambo yenu ba mama, ba papa, ba kaka na ba dada. Jambo na nyinyi makochi wa jim na wa karate mliokubali kukaa na watu wa yoga, aksanti sana. Kabla sijasema kitu chochote naomba kila mtu afunge macho. Fungeni tu, hatufanyi meditasio leo. Sikilizeni sale, hiki chumba tulimo. Mnasikia moto zinapita huko barabarani, mtu anakohoa, jenereta ya jirani. Sasa nauliza: yule aliyekaa kushoto kwako, anapumua? Una uhakika? Umejuaje?

Fungueni macho. Hilo swali ndilo limenileta hapa.

Nitawaambia kitu ambacho sijawahi kukisema mbele ya watu wengi. Miaka imepita sasa. Nilikuwa na darasa la jioni, watu tisa, na kati yao papa mmoja wa miaka hamsini na kitu, mtu mpole, alikuwa anakuja na tapi yake, ule mkeka wa yoga, ameikunja chini ya mkono, sababu mgongo ulikuwa unamsumbua. Tukafanya, tukamaliza, tukafika savasana, na nyinyi mnajua vile inakuwaka, taa imepunguzwa, kila mtu amelala chali, mikono wazi, macho yamefungwa. Nikasikia anakoroma. Nikafurahi! Nasema kweli, nilifurahi, nikasema moyoni huyu papa leo amepumzika, nikamwacha. Akakoroma, akanyamaza. Akakoroma tena, akanyamaza muda mrefu zaidi. Ile kimya ya katikati ndiyo sikuielewa. Nilipopiga kengele watu wakaanza kukaa, mmoja mmoja, yeye hakukaa. Nikamshika bega, nikamwita, nikamtikisa. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

Sasa tukafanya nini? Tulifanya kile kila mtu wa Goma anajua kufanya. Tukapiga kelele, tukatoka nje, tukasimamisha motari, yule dereva wa moto, wanaume wanne wakamkamata mikono na miguu, wakamweka katikati, motari mbele, mtu mwingine nyuma anamkumbatia asianguke, kichwa kinaning'inia upande, na wakaenda mbio juu ya zile mawe za volkano mpaka hopitali. Mimi nilifuata na moto nyingine, nimeshika viatu vyake mkononi. Alifika ameshakufa.

Kuanzia saa ile nilimshika bega mpaka saa munganga wa hopitali alimgusa, zilipita kama dakika 20. Dakika 20 hakuna mkono wa mtu hata mmoja uliosukuma kile kifua. Siwezi kusimama hapa niwaambie kwamba angepona, hakuna mtu anaweza kusema vile. Lakini tulikuwa watu tisa na mikono 18, wote wazima, wote tunampenda, na hatukumpa hata dakika moja. Munganga aliniambia polepole, mama, ule haukuwa usingizi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni hiki. Mtu ambaye moyo wake umesimama anaweza kuendelea kutoa sauti kwa muda kidogo, anavuta hewa kama samaki aliyetolewa ziwani, anakoroma, anaguna, halafu kimya, halafu tena. Haiko kupumua ile. Ni ubongo unaolilia hewa. Mtu aliyelala anapumua kwa mpango, kifua na tumbo vinapanda vinashuka, na ukimshika mabega yote mawili ukamwita kwa nguvu anakasirika na kufungua macho. Ndiyo maana toka siku ile mimi kwenye savasana sikai tena kwenye tapi yangu na macho yamefungwa. Natembea. Miguu bila viatu, polepole, naangalia matumbo ya watu, moja moja. Wanafunzi wangu wanafikiri nawaombea, na ni kweli nawaombea, lakini pia nahesabu.

Na kama hajibu? Mlaze chali chini, inamisha kichwa kidogo nyuma, inua kidevu, weka shavu lako karibu na mdomo wake na macho yako kwenye kifua chake. Sekonde 10, usipitishe. Hapumui, au anapumua ile ya ajabu ajabu? Basi anza. Usitafute mapigo ya moyo shingoni, hata watu waliosoma wanakosea, utapoteza muda, utasikia mapigo ya vidole vyako mwenyewe.

Anza wapi? Hapo hapo! Hapo alipoanguka! Nalirudia na nitalirudia tena: hapo hapo alipoanguka. Usimpakie kwanza kwenye moto. Juu ya moto hakuna mtu anaweza kusukuma kifua, haiwezekani. Ubongo bila hewa unaanza kuharibika baada ya kama dakika 4. Na kila dakika moja inayopita bila mtu kusukuma, nafasi ya kupona inapungua kama asilimia 7 mpaka 10. Sasa pigeni hesabu, kutoka kwako mpaka hopitali ni dakika ngapi? Na mvua? Na kama barabara imefungwa? Kwa wenzetu wa Ulaya unapiga simu ambulansi inakuja na mashine yake, sisi hapa ambulansi ya kwanza ni magoti yako. Ndiyo, mtu mmoja atoke atafute gari, gari, yenye mtu anaweza kulala, lakini wakati anatafuta wengine tayari wako chini wanasukuma.

Tuongee mpira kidogo maana naona makochi wanaanza kuangalia simu. Nani anakumbuka Marc-Vivien Foé? Ee, wazee wanakumbuka. Tarehe 26 mwezi wa 6 mwaka 2003, Lyon, Kameruni na Kolombia. Dakika ya 72 alianguka peke yake katikati ya uwanja, hakuna mtu aliyemgusa. Miaka 28. Walimtoa na machela, waganga wakahangaika naye, na akafa siku ile ile. Sisi huku Afrika tulilia kama ndugu yetu. Halafu mwaka 2021, tarehe 12 mwezi wa 6, Copenhagen, Christian Eriksen wa Denmark naye akaanguka vile vile, hakuna mtu amemgusa. Mliona ile picha? Wenzake wakasimama duara, migongo kwake nyuso nje, ili kamera zisimwone, na katikati ya lile duara waganga wanamsukuma kifua pale pale kwenye nyasi, halafu wakampiga umeme na defibrilata, ile mashine ya kushtua moyo. Alitoka uwanjani macho wazi. Mwaka 2022 alirudi kucheza, na kwenye Euro ya 2024 akafunga goli. Kila moyo una ugonjwa wake, siwafananishi hawa wawili kama vile ni kitu kimoja. Ninachotaka mkumbuke ni lile duara. Kazi ilifanyika hapo hapo alipoanguka, na walioizunguka walijua kazi yao ni kumfunika.

Na hapa nasema na wanaume. Akianguka mama, mtamsukuma kifua? Mbona kimya? Utafiti wa Marekani umeonyesha kwamba wanawake wakianguka mbele ya watu wanasaidiwa kidogo kuliko wanaume, watu wanaogopa kugusa kifua cha mwanamke. Kama huko wanaogopa, sisi hapa je? Wandugu, mkono unawekwa juu ya mfupa wa katikati, juu ya nguo yake, hakuna mtu amekuomba umvue. Na ba mama wengine wasimame duara na maliputa yao, vile vitenge, kama wale wa Denmark. Ukiogopa kumgusa leo, kesho watamgusa wale wa morgue.

Sasa mkono wenyewe. Angalieni hapa kwangu. Ile fasi nene ya chini ya kiganja, ile unayokandia unga ya mandazi, ndiyo inakaa katikati ya kifua, kwenye nusu ya chini ya ule mfupa. Mkono wa pili juu yake, vidole vimeshikana na vimeinuka, visibonyeze mbavu. Magoti karibu kabisa na mwili wake, mabega yako juu ya mikono yako, viwiko vimenyooka. Nyinyi watu wa yoga mnajua plank, ule mkao wa kunyoosha mwili juu ya mikono, basi hii ni plank ya kupiga magoti, nguvu inatoka kwenye uzito wa mwili, ukitumia mikono peke yake utachoka haraka sana. Shusha sentimita 5, usizidi 6, kama upana wa vidole vitatu. Halafu achia kifua kirudi juu chote kabla ya kushuka tena, maana kikirudi ndio moyo unajaa damu. Watu wanasahau kuachia. Wanasukuma tu na kuegemea, na moyo unabaki mtupu. Mwendo ni mara 100 mpaka 120 kwa dakika, karibu mbili kila sekonde, wale wa kwaya wapige makofi mtusaidie... haraka kidogo... hapo, hapo ndipo penyewe. Kila dakika 2 mtu mwingine apokee, hata kama unasema hujachoka. Umechoka. Na kama ubavu unalia ka, usiache, ubavu unapona.

Kingine, toeni mito na mablanketi chini ya mgongo. Tapi ile nyembamba haina shida, lakini mtu akiwa juu ya godoro unasukuma godoro.

Hii popi, sanamu ya mtu ya kujifunzia, mnayoiona hapa mbele tumeiazima, naomba mtu asiikalie. Ina historia yake. Kusukuma kifua kwa mikono mitupu kulitangazwa mwaka 1960 na watafiti wa Baltimore, Marekani, Kouwenhoven na wenzake, na mwaka ule ule fundi mmoja wa Norvège (Norway), Åsmund Laerdal, alitoa popi ya kwanza ya kujifunzia. Alikuwa mtu wa kutengeneza vitu vya kuchezea watoto. Na uso alioipatia ni uso wa msichana ambaye wanasema alitolewa ndani ya mto Seine kule Paris karne ya 19, amekufa maji, hakuna mtu aliyejua jina lake, wakachukua sura yake kwa plasta. Mimi nikipiga magoti mbele ya hii popi namfikiria. Sisi watu wa kando ya ziwa Kivu tunajua vile mtoto wa mtu anatolewa majini bila jina.

Na kwa wale wasio na popi, nyumbani chukueni chupa ya plastiki ya maji, tupu, imefungwa vizuri, muizungushie nguo kuukuu na mfunge na kamba. Ukisukuma unasikia inarudi. Haitakufundisha kipimo sawasawa lakini mikono itazoea.

Swali ambalo kila mtu analo na anaogopa kuuliza: na mdomo? Tumetoka kwenye Ebola, 2018 mpaka 2020, mwezi wa 7 wa 2019 ikafika mpaka hapa Goma, bado tunakumbuka zile ndoo za kunawa kila mlango na kile kipimo cha homa cha kwenye paji la uso. Hakuna mtu anakulazimisha kuweka mdomo kwa mtu usiyemjua. Mtu mkubwa aliyeanguka ghafla mbele yako, sukuma tu, mikono peke yake inatosha kuanza, damu yake bado ina hewa kidogo. Lakini mtoto, na mtu aliyezama ziwani, hao pumzi ndiyo iliisha kwanza, wao wanahitaji kupuliziwa pia, 30 za kusukuma na 2 za kupuliza, na kwa aliyezama unaanza na kupuliza. Ndio sababu kwenye kabati la darasa lako kuwe na glavu na ile plastiki ya kupulizia yenye kivalvu. Ni vitu vidogo.

Sasa mazuku. Nyinyi wazaliwa wa hapa hamhitaji nieleze lakini kuna wageni. Huku kwetu kuna fasi za chini, mashimo, mabonde madogo kuelekea Bulengo na kando ya ziwa, gazi ya kaboni inatoka ndani ya ardhi ya volkano, ni nzito kuliko hewa, inalala chini kama maji, haionekani. Asubuhi bila upepo ndiyo mbaya. Mbuzi anaingia anaanguka. Mtoto anamfuata mbuzi, anaanguka. Kaka yake anamwona, anaruka kumwokoa... mnajua mwisho wake. Wa kwanza aliuawa na mazuku, wa pili aliuawa na huruma yake. Kwa hiyo kabla ya mkono wowote kugusa kifua chochote, simama sekonde mbili, angalia: kilichomwangusha huyu, kiko bado?

Mtasema darasani hakuna mazuku. Kuna mbabula! Mwalimu mwenzetu mmoja, sitamtaja, jioni ya baridi alifunga madirisha yote ili wanafunzi wapate joto, akaweka mbabula ya makala, jiko la mkaa, kwenye kona. Nusu saa, mmoja kichwa kinamuuma, mwingine anataka kutapika, wa tatu amelegea, na yeye anafikiri ni mazoezi yamewaingia vizuri. Gazi ya makala ni nyingine, ni ndugu ya ile ya mazuku na ni mbaya kuliko, haina harufu na inaingia kwenye damu inachukua nafasi ya hewa. Bahati mtu mmoja alitoka kwenda choo, akapata hewa, akashtuka. Wakifika wagonjwa watatu kwa wakati mmoja, ndani ya chumba kimoja, usianze kumpepea mmoja. Fungua milango, toa watu wote nje, halafu ndio uangalie nani anahitaji nini. Na mbabula ndani ya darasa, kuanzia leo, hapana. Vaeni masweta.

Mambo mengine nitapita haraka. Mtu amezimia kidogo, amesimama ghafla kutoka kichwa chini: mlaze, inua miguu, mpe nafasi, msimwagie maji usoni. Kama anapumua lakini hajibu, mgeuze ubavu ili matapishi yasimzibe. Mwenye sukari ametetemeka, jasho baridi, maneno yamechanganyika: kama anaweza kumeza mpe Fanta au maji ya sukari, sasa hivi, usingoje kupima. Uso umelegea upande mmoja, mkono hauinuki, maneno hayatoki sawa: hiyo hakuna masaji, hakuna mafuta, ni gari na hopitali mara moja, na angalia saa ilianza saa ngapi, waganga watakuuliza. Kifafa: ondoa vitu karibu, weka kitu laini chini ya kichwa, usimshike kwa nguvu, na kile kijiko cha kumtia mdomoni, nawaomba, kile kijiko kibaki jikoni. Kifafa hakiambukizi kwa mate. Nimeona msichana anatetemeka chini na sale nzima imekimbia nje, amebaki peke yake na tapi yake. Angalia saa, ikipita dakika 5 ni hopitali, ikiisha mgeuze ubavu na ukae naye. Kitu cha kwanza ataona akifungua macho ni uso wako, upange vizuri.

Nusu ya hayo yote unaweza kuyaona kabla hayajafika ukiuliza. Mtu mpya akija, muulize pembeni, si mbele ya wengine: mama, tansio, ile presha, iko? Moyo? Sukari? Asima, yaani pumu, na pompi yako ya kuvuta uko nayo leo? Mimba? Kifafa? Mwenye tansio ya juu usimsimamishe kichwa chini ili apigwe picha. Mwenye mimba, zile pumzi za nguvu na za kubana hapana.

Na hapa kwenye pumzi ndipo nitakaa kidogo, maana ni kwetu sisi, haiko kwenye kitabu cha sekuriste, watu wa huduma ya kwanza.

Mji wetu umepitia mengi, hamna haja nihesabu. Ndani ya darasa lako la watu kumi kuna mtu aliyekimbia usiku na watoto. Unamwambia funga macho, lala chali, pumua haraka kwa nguvu, na wewe unapita nyuma yake gizani na kumgusa kiuno kumrekebisha. Mama mmoja kwangu alianza kutetemeka, vidole vikakakamaa, midomo inamwasha, anasema nakufa, nakufa. Ile pumzi ya haraka inatoa gazi nyingi mwilini na vidole vinakakamaa kweli, haigizi. Nilikaa chini mbele yake, pembeni kidogo, mahali mlango anauona. Sikumshika. Nikamwambia jina langu, nikamwambia uko Goma, ni saa kumi na moja, mlango uko wazi. Nikapumua polepole mimi mwenyewe, kutoa ndefu kuliko kuvuta, mpaka naye akafuata. Mfuko wa plastiki au wa karatasi mdomoni, hapana, msifanye, ukikosea na kumbe ni asima au moyo unamuua. Na kama anasema kifua kinambana, kinapanda kwenye mkono au taya, usimwambie ni hofu tu. Mpeleke.

Toka siku ile kwangu anayetaka anaacha macho wazi, sigusi mtu bila kuuliza, na taa haizimwi yote. Watu wengine waliniambia hiyo haiko yoga kamili. Sawa. Waje waniambie mbele ya yule mama, ambaye bado anakuja, na anakaa karibu na mlango.

Basi, la mwisho kabla ya mazoezi. Toeni simu. Leo, sasa hivi, kila mtu aandike namba tatu: dereva mmoja mwenye gari anayekaa karibu na darasa lako na anayejibu usiku, hopitali ya karibu, ile simu ya urgence, ya dharura, yao yenyewe, na mwenzako mmoja kati ya walio hapa. Halafu ukifika darasani uziandike kwa karatasi na uzigandishe ukutani, maana siku yenyewe mikono inatetemeka na simu inaomba namba ya siri. Na umwonyeshe motari wa kwenye kona mlango wako uko wapi, ili siku ile yeye aende kuita gari na asije kuomba mteja.

Haya. Tapi chini, wawili wawili, makochi msijifiche nyuma. Mmoja analala, na yule aliyelala hasukumwi kifua, kifua cha mtu mwenye afya hakijaribiwi, naye unafanya tu mabega, kuita, kidevu, sekonde 10. Kusukuma ni kwa popi na kwa chupa, kwa zamu. Mama wewe wa mbele, njoo uanze, vua bangili. Magoti karibu zaidi. Zaidi. Viwiko. Kwaya, tupigieni makofi.